Mitaa Aliyoiruka Jared

Jared aliingia dukani kwangu Jumanne moja ya Novemba akiwa na mitaa ya Nairobi ndani ya simu yake. Akavuta kiti cha plastiki, akaketi karibu nami kuliko siku zote, akasema nichague mmoja.

"Wewe ndiwe utakayelala huko," aliniambia. "Mimi hata chini ya mti nalala."

Nilicheka kidogo, nikafuta mikono kwa leso. Duka langu liko Sori, mkono wa kushoto ukitoka sokoni kwenda ufuoni mwa ziwa. Nauza masufuria, makarai, mabeseni na chupa za chai. Nililianza na marehemu mume wangu Ombati tuliposhuka huku kutoka Kisii, na tangu alipolala, huu mwaka wa tisa, naliendesha mwenyewe. Mwanangu Osoro ni mtu mzima na ana kwake. Jioni hufunga duka, nikapika kidogo, nikasoma Neno, nikalala. Miaka tisa ni usiku mwingi wa kusikiliza bati likipoa.

Jared ni fundi wa injini za boti. Kwao ni Magunga, ila kila wiki huja Sori kwa sababu ya kazi ya ufuoni. Mara ya kwanza alipoingia dukani aliomba sufuria ndogo kuliko zote. Nikamuuliza kama ni ya kuchemshia mtoto maziwa. Akasema ni ya ugali wake. Sufuria ile haiwezi kupika ugali wa kumshibisha hata paka, kwa hiyo nilimshauri achukue kubwa zaidi, chakula kikibaki atakila asubuhi.

"Hicho kinachobaki ndicho siwezi kukiangalia," alisema.

Mkewe Teresa alikuwa amezikwa miezi minne tu wakati huo. Nilimfungia ile ndogo kwa gazeti, na sikulala vizuri siku ile. Hayo yalikuwa miaka mitatu iliyopita. Mwaka wa kwanza alikuwa mteja. Mwaka wa pili alikuwa mteja ambaye hanunui kitu. Mwaka huu aliniomba nimwache anipende, kwa maneno hayo hayo, akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili kama mtu aliyesimama mbele ya padre.

Tulikubaliana tuoane Desemba. Tungeandikisha ndoa mjini Migori mbele ya msajili, kwa sababu yeye ni Mkatoliki na mimi ni Msabato, na makanisa yetu yote mawili yalikuwa bado yanatutazama kwa pembe ya jicho. Baada ya hapo, fungate. Siku saba Nairobi, katika nyumba ya kukodi kwa likizo, yenye jiko letu na ufunguo wetu. Nairobi niliwahi kufika mara moja tu, nikimpeleka Ombati hospitali, na sikumbuki kitu isipokuwa ngazi. Jared aliposikia hivyo akasema ninastahili Nairobi nyingine.

Kwa hiyo siku ile nilivaa miwani nikakaza macho kwenye simu. Akanionyesha nyumba ya Roysambu yenye kochi jekundu. Akanionyesha ya Kilimani, ghorofa ya tisa, yenye dirisha refu kama mlango. Akanionyesha ya Ruaka, ambayo picha zake zote zilikuwa za kitanda, nikamwambia apite haraka. Swali langu lilikuwa moja kwa kila nyumba. Kanisa la Sabato liko umbali gani kwa miguu? Siku ya Sabato sitaki mtu afanye kazi ya kunibeba. Naye alikuwa ameuliza, Mungu ambariki. Alijua kila jibu. Roysambu dakika ishirini. Kilimani nusu saa, ila kuna mlima kidogo.

Elkanah, fundi wa viatu ambaye kibanda chake kinatazamana na duka langu, alikuwa akisikiliza yote na sindano mdomoni. Aliitoa akasema, "Shemeji, mpeleke Karen. Atauzia mabalozi makarai."

"Wewe shona," nilimwambia. "Kiatu cha watu kinakungoja tangu Pasaka."

Jared alicheka. Nilipenda sana kicheko chake, kilikuwa kinaanza kwa kuchelewa, kama injini ya baridi. Na hapo, akiwa bado anacheka, ndipo nilipoona kidole chake.

Kazi yangu ni kuangalia mikono. Mteja anayetaka kununua hugeuza sufuria aone kitako, asiyetaka hupapasa mfuniko. Kidole cha Jared kilikuwa kinasukuma picha polepole, moja baada ya nyingine. Lakini kulikuwa na picha fulani ambazo ziliposhuka tu, kidole kilizirusha juu kabla sijazisoma. Mara moja ningesema ni bahati mbaya. Mara ya tatu nilimshika mkono.

"Rudi nyuma, Baba Lynnet."

Ilikuwa nyumba ya South B, ghorofa ya pili. Ina veranda, na verandani kuna kamba ya nguo, na kwenye kamba kuna taulo la mtu. Ndiyo nyumba pekee iliyoonekana kama watu wanaishi humo. Nikasema hii nimeipenda. Jared akasema haina maji.

"Imeandikwa wapi?"

"Nyumba za namna hiyo huwa hazina maji."

Nikamwambia arudi tena nyuma. Ikaja ya Nairobi West. Hiyo akasema kutakuwa na makelele, sitalala. Ikaja ya South C, na ukuta wake mweupe na maua ya zambarau getini. Nikauliza hii nayo ina nini.

"Hapo ni mbali."

"Mbali na wapi?"

Alianza kusafisha kioo cha simu kwa pindo la shati, na kioo kilikuwa safi.

Nikamwomba anionyeshe mitaa yote kwenye ramani. Sikusoma kupita darasa la saba, lakini ramani ni kama unga uliomwagika, unaona tu ulikoenda. Roysambu ilikuwa juu kule. Ruaka juu zaidi. Kilimani upande mwingine. Ile mitatu aliyoiruka ilikuwa imekaa pamoja, imepakana kama mayai kwenye kiota.

"Unazunguka hapa kama mtu anayezunguka dimbwi," nilisema. "Nani anakaa hapo?"

Aliigeuza simu kifudifudi juu ya paja.

"Lynnet," akasema.

Lynnet ni bintiye wa kwanza. Nilijua yuko Nairobi, ameolewa, ana watoto wawili. Mtaa sikuwa nimewahi kuuliza. Nilikuwa nimejiwekea akilini kwamba siku moja ya fungate tungemtembelea, nami ningebeba ndizi za Kisii na njugu, ningekaa kwenye kiti atakachonipa na kunywa chai atakayonipa, hata ikiwa haina sukari. Sikutaka awe mtoto wangu. Nilitaka anione tu.

"Kwa hiyo unanichagulia mtaa ambao mtoto wako hawezi kukutana nami dukani akinunua mkate," nikasema.

"Si hivyo."

"Unanificha, Baba Lynnet."

Alivua kofia. Elkanah aliinamisha kichwa akaanza kushona kwa bidii ambayo hajawahi kuwa nayo.

"Mimi nakuficha?" Jared alisema, na sauti yake ilikuwa na jeraha. "Mama Osoro, nani alizima simu?"

"Simu gani?"

"Siku ya Bwana. Saa nane baada ya ibada, tulivyopatana. Nikuunganishe na Lynnet, muongee, akusikie sauti. Yeye alikuwa kwa laini, mimi kwa laini, wewe umezima. Tulijaribu mara sita. Mwishowe mtoto akaniambia, Baba, huyo mama hataki kuongea na sisi. Anakutaka wewe bila watu wako. Ningemjibu nini?"

Siku hiyo ndiyo niliyokuwa nimemeza kimya siku zote hizi, nikingoja yeye aanze kuomba msamaha.

Maana siku ya Bwana mimi nilingoja. Simu yangu huzimwa Ijumaa jua likizama na huwashwa Jumamosi jua likizama, miaka yote niliyobatizwa. Sabato ile niliiacha wazi. Nilimwomba Mungu ruhusa kabla, nikamweleza ni kwa ajili ya amani ya nyumba. Nilitoka kanisani mbio, nikaiweka juu ya sahani katikati ya meza ili nisikie ikitetemeka. Wifi yangu Nyarangi, dada yake Ombati, alikuja nyuma yangu bila kualikwa, akaikuta pale.

"Simu nayo umeipakulia?" aliniuliza.

Akakaa na mimi saa nane, saa tisa, saa kumi. Kila nilipoitazama sahani, yeye alinitazama mimi. Jua lilipoanza kushuka akajifunga kitambaa chake, akasema kwamba Ombati hakuniacha bila jina, na kwamba mwanamume akitaka kupiga simu hupiga. Akaniachia nyumba na simu yangu iliyonyamaza.

Nilimwambia Jared hayo yote, kwa sauti ya chini, maneno yakigongana. Alinisikiliza akiwa amekunja uso.

"Siku gani hiyo?" aliuliza.

"Nimekwambia. Siku ya Bwana."

"Ya juma, Mama Osoro. Siku gani ya juma?"

"Sabato. Jumamosi. Kuna nyingine?"

Alinitazama, na nikaona kitu kikitembea polepole usoni mwake.

"Jumapili," akasema. "Siku ya Bwana ni Jumapili."

"Kwenu," nikasema.

Kwao Jumapili huiita Dominika, na neno hilo alikuwa ameacha kulitumia mbele yangu, asije akanikumbusha kwamba yeye ni wa upande mwingine. Alikuwa akichagua maneno ya Biblia akizungumza nami, kama mtu anayebadilisha shati kabla ya kubisha hodi. Kwa kunipendeza alisema siku ya Bwana, nami kwa kumpendeza nikaiacha simu wazi siku ya Bwana, tukapishana kwa siku moja nzima.

Kicheko chake kikaanza, kwa kuchelewa. Changu kikafuata. Nilicheka mpaka nikashika rafu na mifuniko ikalia. Elkanah aliinua kichwa akauliza kama tumeshindwa kuchagua au tumechagua. Jared alinishika kiganja, hapo hapo mbele ya barabara, na mkono wake ulinuka petroli na sabuni, na nikasema moyoni, Bwana, kumbe hukuniacha.

Ilinibidi niseme ukweli uliobaki. Nilimwambia kwamba Jumapili niliizima simu mwenyewe. Nilikuwa na hasira na sikutaka kusikia sauti ya mtu.

"Hata mimi ningeizima," alisema.

"Basi sasa ni rahisi. Mpigie Lynnet, mweleze. Mwambie ni kosa la wazee wawili wasiojua kuhesabu juma. Atacheka."

Kiganja chake kililegea. Si sana. Kiasi cha mtu anayepunguza moto chini ya maziwa.

Alisema saa hizi Lynnet yuko kazini. Nikasema hata dakika moja. Alisema labda jioni. Nikamwambia kwamba mwanangu Osoro nilimwambia habari zetu kwa sentensi moja, naye akauliza kama mtu huyo huomba kabla ya kula, na yakaisha. Sikumlazimisha zaidi ya hapo. Nilimwangalia tu. Akashika simu, akapiga.

Masikio ya Jared yameharibiwa na injini. Simu zake zote huzipokea kwa spika, na huishika mbele ya mdomo kama mtu anayepoza uji. Kwa hiyo nilimsikia Lynnet kama yumo dukani. Ana sauti nzuri, ya mtu aliyelelewa kwa upole. Alimuuliza baba yake kama amekula. Alimuuliza kama goti limepoa. Alimwambia watoto wameandika jina lake kwenye barua ya shule. Nilijikuta natabasamu kwa sauti ya mtu ambaye hajui nipo, na nikafikiri, huyu tutapatana.

"Nasikia vyuma, Baba. Uko wapi?"

"Sori."

"Uko na nani?"

Jared alifungua mdomo. Akaniangalia. Niliweka mikono yangu juu ya magoti ili nisionekane namharakisha.

"Bado uko na yule mama wa masufuria?" Lynnet aliuliza, na upole ulikuwa bado umo, ila umejikunja. "Baba, mimi sikatazi. Lakini kile kiti cha Mama hapo nyumbani, nikija nikamkuta mtu amekikalia, sitajua nisalimie vipi. Niambie ukweli tu. Uko naye?"

Nilikuwa nimeketi hatua moja kutoka kwake. Goti langu lilikuwa limegusa lake tangu tucheke, na lilikuwa bado linagusa.

"Niko peke yangu, nyara," alisema.

Nyara ni binti yangu, kwa lugha yao. Alilisema kwa mapenzi makubwa, na sikumwonea wivu mtoto kwa neno hilo. Ni yale matatu ya mbele yaliyonifikia.

Watu wa kanisa letu wangemkumbuka Petro pale kwenye moto. Mimi sikumkumbuka Petro. Nilikumbuka siku ya matanga ya Ombati, watu wote walipokwisha kuondoka, nilivyosimama mlangoni nikasema maneno hayo hayo kwa sauti ili niyazoee. Lakini siku ile nyumba ilikuwa tupu kweli. Sikujua kwamba mtu anaweza kuyasema na bado goti lako liko kwenye lake.

Walizungumza kidogo tena. Lynnet alisema Krismasi aende kwake South B, watoto wanamngoja, na Jared akasema ataona. Simu ilipokatika hakuishusha. Nilisogeza goti langu.

"Nimesema vile ili asiudhike akiwa kazini," alisema. "Nitamwambia. Unajua nitamwambia."

"Najua."

"Ni mtoto, Jerusha. Amefiwa na mama."

"Nimemsikia. Ni mtoto mzuri."

Alikuwa ameniita kwa jina langu. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza, na jina hilo nililiweka pembeni, kwa sababu ningelishika ningelia. Badala yake nilisimama nikampimia chai kutoka kwenye chupa, nikatia sukari vijiko viwili anavyopenda. Aliipokea akaishika bila kunywa. Baada ya muda aliiwasha simu tena, na picha zikatokea, kochi jekundu, dirisha refu, na akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeokota vitu vilivyoanguka kama Roysambu ingefaa. Kanisa ni dakika ishirini tu.

"Mtu aliye peke yake mtaa wowote unamfaa, Baba Lynnet."

"Usiseme hivyo."

"Sijasema mimi."

Alifunika uso kwa kiganja. Mabega yake ni mapana, ya kubeba injini, na niliyaona yakishuka. Nitasema kweli, kwa kuwa Mungu anasoma: nilitaka kumsogelea. Miaka tisa sijashikwa bega na mtu, na nilitaka kumshika yeye. Kama angeniambia tena Roysambu, sijui ningejibu nini. Kwa hiyo nilizungumza kabla hajasema.

"Desemba usije Migori," nilimwambia. "Nenda kwa Lynnet. Kaa kwake Krismasi, cheza na wajukuu, kula chakula chake. Ukiwa umekaa naye mezani, mkiwa mnatazamana, mwambie yule mama bado yupo. Mtaje jina. Ukishanitaja, nipigie hapo hapo, nami nitapokea hata iwe Sabato."

"Na nikishindwa?"

"Usinipigie."

Alikaa kama mtu anayesubiri bei ishuke. Haikushuka. Mwishowe aliweka kikombe chini, kimejaa, akavaa kofia. Mlangoni aligeuka, akanitazama usoni, kisha akatazama kiti alichokuwa amekikalia, na nikaona anataka kuuliza swali na hana uhakika kama bado ana haki ya kuuliza. Akatoka. Elkanah alimsalimia, naye akapita akielekea ufuoni.

Mama mmoja aliingia akitaka karai la kuogeshea mtoto, nikamuuzia. Akanisimulia habari za mtoto, nikaitikia mahali panapostahili. Alipotoka jua lilikuwa bado juu ya maji, saa za biashara nzuri. Niliingiza mabeseni ya nje, yote, nikateremsha mlango nikatia kufuli. Tangu nimzike Ombati sikuwahi kufunga mapema. Elkanah aliniuliza kama naumwa. Nikasema hapana, nimechoka tu, nikarudi nyumbani kwa ile njia ndefu ya nyuma ya mashamba, ambako hakuna mtu wa kukusalimia.